Udongo Kwenye Pindo la Kanga

Jiko la Emerensiana lilikuwa kibanda cha udongo na nyasi nyuma ya nyumba kubwa, pale Kawajense, Mpanda, na juu ya mafiga yake palikuwa na uchaga wa kukaushia vitu. Kila kitu cha maana cha nyumba ile kilipitia uchaga ule: mbegu za mahindi za msimu ujao, dagaa na samaki wa migebuka waliotoka ziwani Karema, na kwenye pembe ya kushoto, juu ya jani la mgomba, mabonge ya udongo wa kichuguu. Yalikaa pale yakipigwa na moshi mpaka yakawa na rangi ya biskuti. Mpaka leo Hilaria akipita penye moshi wa kuni mbichi, mate yanamjaa mdomoni. Anayameza, anacheka peke yake, na mara nyingine kicheko hicho kinamalizikia kwenye kufuta macho.

Aliingia Kawajense mwaka wa sabini na tatu, msichana wa miaka kumi na tisa aliyemaliza darasa la saba, ametoka kwao Mpimbwe kwenye mashamba ya mpunga. Mumewe, Fabiani, alikuwa mtu wa reli, kwenye genge la kukaza mataruma, na kwa siku tatu au nne za wiki alikuwa njiani kuelekea Kaliua, analala kwenye mahema. Kwa hiyo mtu aliyeishi naye hasa alikuwa mama mkwe. Na mama mkwe yule watu walimwogopa. Alikuwa mrefu, mkavu, mtu wa misa ya kwanza, hanywi pombe wala hakai penye pombe. Hilaria, kwa bahati yake mbaya, alikuwa binti wa mpika pombe. Mama yake alijulikana Mpimbwe nzima kwa pombe ya mtama.

"Mikono yako inajua kupima kimea," Emerensiana alimwambia wiki ya kwanza, "lakini hapa kwangu itapima unga tu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yao kwa miezi. Ndio. Hapana. Maji yamechemka, mama. Kisha mimba ikaingia, na mvua za kwanza zikanyesha. Siku hiyo Hilaria alisimama nyuma ya jiko, ameshika ufagio asiofagilia, uso ameuelekeza kwenye kile kichuguu kikubwa cha mpakani mwa uwanja.

"Unatazama nini huko?"

"Hapana kitu, mama."

"Hapana kitu! Pua inapanda na kushuka kama ya sungura, halafu hapana kitu." Emerensiana akaingia jikoni, akanyoosha mkono juu ya uchaga, akatoka amefumba kiganja. "Kinga mkono."

Hilaria akakinga mikono yote miwili, kama alivyofundishwa kupokea kitu cha mkubwa. Likadondoka bonge moja, jepesi, lenye joto la moto wa mchana.

"Ule kidogokidogo. Hiki ni kichuguu cha hapahapa nyumbani. Fabiani nilimbeba kwa hiki hiki. Wanaokula udongo wa sokoni hawajui wanakula nchi ya nani."

Hilaria alisema baadaye kwamba harusi yake ilikuwa siku ile, wala si ile ya kanisani. Bonge lile lilipovunjika kwenye meno, alijua amepata mama. Tangu hapo pindo la kanga yake halikukosa fundo dogo, na ndani ya fundo kipande cha kichuguu. Romana akazaliwa, mimba ikaisha, hamu isiishe. Kila fundo lilipolegea, Emerensiana alilijaza bila kusema neno. Kwa watu wawili wasiojua kuongea, ile ilikuwa lugha yao.

Maumivu yalikuja mara ya kwanza mwanzoni mwa mwaka wa sabini na tano, Romana akiwa na miezi minne. Hilaria alikuwa anapepeta. Kitu kikamshika chini ya chembe cha moyo, kikazama, kikatokea mgongoni, kikamzunguka kama mtu anayefungwa mzigo kwa kamba mbichi. Kulala chali hakuweza. Kusimama hakuweza. Alipiga magoti, paji la uso likagusa sakafu, akakaa hivyohivyo akitapika, kama mtu anayetafuta sindano iliyopotea.

Ule ulikuwa mwaka wa njaa, mwaka wa unga wa njano, ule watu waliouita wa Yanga, kwa rangi ya jezi ya timu. Kila tumbo lililouma Mpanda lililaumiwa unga huo. Zahanati walimpa vidonge na dawa nyeupe ya chupa, na baada ya siku nne yakapoa. Mwezi wa nane yakarudi, na unga wa njano haukuwepo tena. Yaliporudi mara ya tatu, mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, Fabiani na wenzake wawili wa genge walimbeba kwenye kitanda cha kamba mpaka hospitali.

Huko alikuwepo tabibu mmoja, Telesphor, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimbonyeza tumbo kwa vidole viwili, polepole, akimtazama usoni badala ya kutazama tumbo. Kisha akawaeleza Fabiani na mama yake pale pale kitandani.

"Nyuma ya tumbo kuna kiungo kinaitwa kongosho. Kazi yake kutengeneza maji ya kusagia chakula. Yale maji yana njia yake ya kutokea. Sasa njia ikiziba, maji hayasagi chakula. Yanakisaga kiungo chenyewe."

"Kama jiwe la kusagia lisilo na nafaka," akasema Emerensiana.

"Hivyo hivyo, mama. Jiwe kwa jiwe."

Dawa yenyewe, akasema, ni kulipumzisha jiwe. Asile, asinywe, hata tone. Wakamtundikia dripu, wakampitisha mpira puani wa kutoa maji ya tumbo, wakampiga sindano ya kutuliza. Kiu ya siku zile Hilaria hawezi kuisimulia vizuri. Anakumbuka tu mhudumu mmoja wa wodi, Nyamizi, mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni, aliyekuwa akichovya kitambaa kwenye maji na kumpangusa midomo. "Nyonya kitambaa ukione," alimwambia. "Ni kupangusa tu. Mimi nina macho mpaka kisogoni." Maziwa yakamjaa kifuani mpaka yakawa mawe. Jioni Emerensiana alimleta Romana, akamwinua dirishani, na mtoto akapiga kioo kwa kiganja kilichonyooka, pa, pa, pa.

"Kinachoziba njia ni nini?" Fabiani aliuliza.

Telesphor akavua miwani. "Sababu kubwa ni mbili. Mawe kwenye nyongo, au pombe. Anakunywa?"

Fabiani alitazama miguu yake. Emerensiana alimtazama Hilaria, na Hilaria akaona jinsi mama mkwe wake alivyokuwa akiipima Mpimbwe nzima kwa jicho moja.

"Sinywi," akasema Hilaria, mpira ukimkwaruza kooni. "Kwa Mungu wangu, sinywi."

Walimpandisha treni mpaka Tabora. Huko walimmezesha vidonge jioni, asubuhi wakampiga picha, na daktari wa huko akasema nyongo ni safi, haina jiwe hata la kumrushia ndege. Fabiani alirudi amefurahi. Hakujua, masikini, kwamba kati ya sababu mbili moja ikifutwa, inabaki moja.

Emerensiana hakupiga kelele. Alisubiri siku ya Jumapili baada ya misa, akamketisha mwanawe na mkwe wake jikoni. "Mimi simtukani mtu," akasema. "Huenda kuna mahali anapita, huenda kuna rafiki. Mtu aliyelelewa penye mtungi, mtungi humwita. Ila sitamzika mtoto wa watu humu ndani kwa kitu ninachokikataa kila siku. Ugonjwa huu ukirudi tena, Hilaria, utarudi kwenu. Romana atabaki hapa. Simpeleki mtoto kukulia penye pombe."

"Mama..." Fabiani alianza.

"Wewe nyamaza. Wewe uko kwenye mataruma, mimi ndiye niliyeko hapa."

Akainuka, akapitisha mkono juu ya uchaga. Kisha, kwa mazoea tu, akiwa bado na hasira, akaweka bonge la kichuguu mbele ya Hilaria.

Hilaria hakuwa mtu wa kubishana. Alikuwa mtu wa kutazama. Siku ya pili alinunua daftari, akachonga penseli, akaanza kuandika kila kilichopita mdomoni mwake, kama mwalimu wake wa darasa la sita alivyowafundisha kuandika habari za mvua. Jumatatu: uji, ugali, kisamvu. Jumanne: uji, viazi, mlenda, chungwa moja alilopewa na jirani. Aliacha mafuta. Aliacha maharage, kwa kuwa yanajaza tumbo. Aliacha karanga, aliacha nyama, na kwenye kila ukurasa, chini, aliandika: *Pombe hapana.* Aliandika mwaka mzima, daftari likaisha, akaanza la pili. Kanga yake ilining'inia kiunoni, na kwenye pindo lake fundo, na mara mojamoja katikati ya kuandika alilifungua, akamega, akatafuna, akaendelea kuandika. Udongo hakuuandika. Nani aliyewahi kuandika udongo? Chakula ni kile kinachopikwa.

Ugonjwa ukarudi Kwaresima ya mwaka wa sabini na saba.

Fabiani alikuwa njiani. Emerensiana ndiye aliyemfikisha hospitali, safari hii kwa gari la mtu wa maduka, na kabla ya kutoka nyumbani, Hilaria akiwa amepiga magoti sakafuni, alimwona mama mkwe akivuta sanduku la bati kutoka uvunguni na kuanza kukunja nguo zake ndani yake. Alikunja vizuri, moja moja. Hilo ndilo lililomuumiza Hilaria kuliko tumbo: kwamba zilikunjwa vizuri.

Telesphor alilisoma daftari la kwanza lote, akiwa amesimama. "Umeandika vizuri kuliko karani wangu," akasema. "Na sioni kitu. Ninakuamini, mama Romana, lakini sioni kitu."

Siku ya tatu, saa ya kutazama wagonjwa, Emerensiana akiwa ameketi kwenye benchi na Romana miguuni, Nyamizi alikuja kumbadilisha mgonjwa kanga iliyolowa. Kidole chake kikagusa fundo. Akalibonyeza. Akalifungua.

"Hee! Na hii je, ni mboga gani?" Akalinusa lile bonge, akaangua kicheko mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. "Kichuguu! Jamani, na mimi nilikula hiki na mimba ya tatu, mpaka mume wangu akasema nipunguze, nitahamia kwenye ukuta, nyumba ituangukie. Daftari limeandika mpaka chungwa la jirani, hiki hakimo?"

"Si chakula," akasema Hilaria kwa sauti ndogo.

Kicheko cha Nyamizi kikakatika. Alibaki na bonge mkononi, akitazama beseni chini ya kitanda. "Juzi ulipotapika," akasema, "mlikuwa na mnyoo ndani. Mrefu kama kalamu. Nilimwaga tu, si nimeona mingi." Akafungua mlango wa wodi na ile sauti yake ya sokoni: "Daktari! Daktari Telesphor! Njoo uone mboga!"

Telesphor alikuja. Alisikiliza habari ya mnyoo, akalipokea bonge, akaketi kitandani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaligeuzageuza lile bonge kiganjani.

"Kwenye choo chako cha mwanzo kabisa walikuta mayai ya minyoo," akasema hatimaye. "Imeandikwa. Na hakuna aliyejali, maana nani Mpanda hii hana minyoo? Ukapewa dawa mara moja, basi. Lakini ile minyoo mikubwa ina tabia ya kutembea. Ikikutana na tundu, inaingia. Ikiingia kwenye ile njia ya kongosho, inaziba. Ikitoka yenyewe, unapona. Kesho inapanda mingine." Akainua bonge. "Mama Romana, huu udongo unautoa wapi?"

Hilaria alitazama dari. Hakumtazama mama mkwe wake. Kusema neno moja kungemtoa yeye kwenye hatia na kumwingiza mwingine, na huyo mwingine ndiye aliyemwekea bonge kiganjani siku ile ya mvua.

"Naokota tu, daktari," akasema. "Njiani."

Emerensiana aliinuka kwenye benchi, akamshika Romana mkono, akatoka bila kuaga.

Asubuhi iliyofuata alirudi kabla watu hawajaruhusiwa kuingia, na Nyamizi, mwenye macho mpaka kisogoni, kwa mara ile moja hakuona. Alikuwa na kikapu. Ndani yake mlikuwa na jani la mgomba lililofungwa, na juu ya jani lile daftari la pili, lililokuwa limebaki nyumbani. Akamngoja Telesphor. Alipofika, akalifungua jani. Pembe nzima ya kushoto ya uchaga ilikuwa pale.

"Haokoti njiani," akasema. "Ni mimi ninayempa. Tangu mimba ya kwanza. Na jana tu nilimpa na mtoto, alikuwa analia."

Telesphor hakumkaripia. "Kichuguu kiko wapi, mama?"

"Nyumbani. Nyuma ya jiko."

"Mna choo?"

"Kipo! Fabiani alichimba wakati wa ile kampeni ya afya ya redioni. Kirefu."

"Na watoto wa mtaani wanakitumia?"

"Watoto wanaogopa kutumbukia."

"Basi wanakwenda wapi?"

Emerensiana alilitazama jani la mgomba na yale mabonge.

"Nyuma ya kichuguu," akasema.

"Moshi unakausha udongo, mama. Mayai ya minyoo hauyaui." Alisema taratibu, kama anayefunga kidonda. "Siwezi kuapa kwamba ndivyo. Inawezekana nikawa nimekosea. Lakini akipoa, tumpe dawa, tufunge na njia ya kuingilia. Ugonjwa usiporudi, tutakuwa tumejibiwa."

Alipoondoka, Emerensiana alikaa ukingoni mwa kitanda. Mikono yake mirefu haikujua ikae wapi. Mwishowe ilichukua daftari, ikaliweka juu ya kifua cha Hilaria, na penseli juu yake.

"Andika," akasema.

"Niandike nini, mama?"

"Andika udongo. Andika na jina la aliyekupa. Mimi sijui kusoma, lakini jina langu nalijua likiwa limeandikwa, padri alinionyesha. Andika nione."

"Mama, haina haja."

"Jana ulinificha. Mtu niliyemfungia sanduku akanificha." Akakohoa kwa nguvu, kama aliyepaliwa na moshi. "Andika, mwanangu. Asije mtu akasoma daftari hili akakuta *pombe hapana, pombe hapana*, asikute kilichokuwepo."

Hilaria akaandika kwa mkono wenye dripu. Herufi zilipanda na kushuka. Emerensiana aliweka kidole, bado kina vumbi la kichuguu, chini ya jina lake na kukisogeza polepole mpaka mwisho wa neno.

Wiki hiyo hiyo, alipoanza kunywa uji, walimpa dawa ya minyoo, maji mazito matamu kama sharubati. Yaliyotokea baada ya hapo hayasimuliwi kwa watu wanaokula, ila Nyamizi alitangaza kwamba alihesabu mpaka kumi na nane akaacha, hakuajiriwa kwa hesabu. Romana alipewa. Emerensiana naye alikinga mikono miwili, akanywa, akakunja uso.

Hilaria aliporudi nyumbani, sanduku lilikuwa uvunguni, tupu. Nguo zake zilining'inia kwenye kamba, zote zimefuliwa. Fabiani alikuwa amejenga kachoo kadogo kenye tundu la saizi ya watoto, na kile kichuguu alikuwa amekisawazisha kwa jembe. Emerensiana alipanda maboga juu yake, akatangaza kwa majirani kwamba atakayejisaidia hapo ataota boga.

Mwaka ukapita. Ukapita wa pili. Kila Hilaria alipojikunja kuchukua kitu sakafuni, Emerensiana alisimamisha kazi yake mpaka amwone amenyooka tena. Maumivu hayakurudi.

Mwisho wa mwaka wa sabini na nane, wakati watu wa reli walipokuwa wanawapungia mikono askari waliokwenda vita vya Kagera, Hilaria alikuwa na mimba ya pili, na mvua za kwanza zikanyesha. Alisimama nyuma ya jiko na ufagio. Harufu ilipanda kutoka ardhini, ile ile, na mate yakamjaa. Alijua nyuma yake kuna mtu.

"Pua hiyo," akasema Emerensiana.

"Hapana kitu, mama."

"Kinga mkono."

Alikinga yote miwili. Zikadondoka mbegu za maboga, zimekaangwa kwa chumvi, zina joto la uchagani. Haukuwa udongo, na Hilaria hasemi uongo: hamu haikuisha kwa mbegu. Alizitafuna polepole, moja moja, na mama mkwe wake akasimama pembeni yake, naye akitafuna, wote wawili wakitazama mahali ambapo kichuguu kilikuwa.

Emerensiana amekwisha kufa sasa. Daftari la pili liko kwenye sanduku la bati. Romana amewahi kulifungua akauliza, kwa nini ukurasa wa mwisho mwandiko ni mbaya hivi, na kwa nini chini ya jina la bibi kuna alama ya kidole.